Mtoto Hatoki Peke Yake

Nilimwogopa mama yangu kabla sijajifunza kuogopa bunduki, na mpaka leo sina hakika ni woga upi uliofika ndani zaidi.

Alikuwa directrice wa shule ya msingi huku kwetu Kadutu, ambako nyumba zimepandiana mabegani na jirani wa chini anajua umepika nini kwa maji unayomwaga. Watu walimwita Maman Directrice, sokoni na kanisani, hata baba yangu alipokuwa na ombi. Mimi pia nilimwita hivyo miaka yote sita, kwa sababu nilisoma kwake, na shuleni alikuwa hana binti. Siku moja ulimi uliteleza nikamwita maman mbele ya wenzangu. "Hapa batoto bote ni bangu," alisema. "Weye ni mumoja wao. Rudi ku mustari."

Alitaka niwe mwalimu. Nikawa muuza viatu, tena vile ambavyo watu wa Ulaya wamekwisha kuvichoka. Alilipokea hilo kama mtu anavyopokea mvua akiwa ameanika nguo. Wageni wa parokia wakimuuliza ninafanya kazi gani, alijibu, "Iko mu commerce," kwa sauti ya kuonyesha kwamba nina malori mpakani. Jioni alinipikia sombe ya majani ya muhogo na kunikumbusha kwamba bado sijachelewa kuomba nafasi ya kufundisha. Nilikuwa na miaka thelathini na minne.

Shuleni alikuwa na sheria iliyozipita zote: mtoto mdogo hatoki peke yake. Masomo yakiisha alisimama getini, nao wa darasa la kwanza na la pili walipita mmoja mmoja. Kila mtoto alikabidhiwa mkononi kwa mtu, lakini kwanza aliulizwa, "Huyu ni nani yako?" Mtoto alipaswa kujibu mwenyewe: papa, tantine kwa shangazi, yaya kwa dada mkubwa. Haikujalisha kwamba huyo papa alisali benchi moja na mama yangu tangu ujana wao. Akina mama walilalamika.

"Maman Directrice, huyu nilimuzaa miye mwenyewe. Unataka nikuletee na kitovu?"

"Leta tu mukono," alijibu. "Na yeye aseme."

Sheria ile ilitoka wapi, hakutuambia. Katika mji wetu vita vimepita vya kutosha, na kila mtu mzima ana jambo alilolifungia sandukuni. Sikuuliza.

Wiki ninayotaka kuieleza, mji ulikuwa unanong'ona. Ilisemwa wenye silaha wanateremka kando ya ziwa, wamekwisha kupita Katana. Wengine wakasema wamezuiwa. Redio ilisema hivi, simu za watu zilisema vile, ila bei ya unga wa muhogo ndiyo iliyosema ukweli. Nilimsihi mama asifungue shule. Alijibu kwamba hakuna aliyemwandikia afunge, na kwamba mzazi aliyekosa pa kumwacha mtoto atamleta tu. Alifungua.

Milio ilianza kabla ya saa sita mchana, kwanza mbali, kama mtu anayepiga mabati. Soko lilimwagika. Nikajaza gunia langu jozi zilizo nzuri, nikazihesabu, kisha nikazihesabu tena huku watu wakinikanyaga, maana mikono yangu ilikuwa na akili yake. Watu wote walikimbilia chini, mimi nikapanda kwenda shuleni.

Walimu walikuwa wamekimbia. Sentineli wa kulinda geti alikuwa amekimbia na kuacha koti lake kwenye kiti, kama aliyetoka kukojoa. Mama yangu alikuwa getini na wazazi wakimpigia kelele.

"Tutolee batoto! Hausikii risasi?"

"Nasikia. Mustari."

Wakapanga mstari. Nasema ukweli: walilia, walitukana, walipanga mstari. Sijaona tena woga uliopangika vizuri namna ile. Mtoto alitoka, akasema, "Ni papa," akachukuliwa mbio. Mwingine akasema, "Ni tantine." Mstari ukaisha, na barabara bado imejaa watu wasio na mtoto pale.

Nikahesabu waliobaki: sita. Nikahesabu tena: saba. Wa saba alikuwa kasichana kembamba kalikojificha ndani ya mikunjo ya kitenge cha mama yangu.

Hapo ndipo nilipoinua macho nikaona bendera iko juu ya mlingoti wake, inaonekana kilima kizima. Yeyote atakayefika ataitazama hiyo kwanza, kisha atauliza ni nani aliyeipandisha.

"Maman," nikasema, "drapeau."

Aliiendea kamba akaanza kuifungua, na nikaona vidole vyake havishiki vizuri.

Aliyekulia kwetu hahitaji maelezo. Bendera inapopanda au kushuka, unasimama. Pikipiki inazimwa, mwenye beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani anasimama nalo, na hakuna anayesogea mpaka filimbi ilie. Tumefanya hivyo tangu utoto mpaka miguu inasimama yenyewe. Mama alitaka tu kuiteremsha haraka na kimya, lakini watoto waliona kamba inasogea, wakanyooka. Mmoja akaanza kuimba wimbo wa taifa. Wenzake wakafuata.

Na kule njiani waliokuwa wanakimbia wakasimama. Mwenye godoro kichwani akasimama. Kijana wa pikipiki, abiria watatu nyuma yake, akazima injini. Mimi, mwenye akili zangu za sokoni, nikajikuta visigino vimegusana na gunia limeshuka mgongoni. Risasi ikapita juu yetu kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Hakuna aliyesogea. Kilima kizima cha watu tulisimama wima, peupe, tukingoja.

Kamba ikakwama katikati. Watoto walimaliza wimbo, wakaona bendera haijafika chini, wakaanza upya. Filimbi ilikuwa shingoni mwa mwalimu wa nidhamu, na mwalimu wa nidhamu alikuwa shingoni mwa kilima kingine. Mama alivuta, jasho likimtiririka, akaniangalia kwa macho ambayo sikuyajua, macho ya mtu anayezama. Nguo ilipofika mikononi mwake nilitia vidole viwili mdomoni nikapiga mluzi, ule wa kuwaitia wapagazi.

Watu wakamwagika tena. Lakini kwa kuwa walikuwa wamesimama, wengine walipata muda wa kutazama ndani ya ua. Mwanamke mmoja akawatambua watoto wa dada yake, akawachukua wawili. Mzee fulani akamwona mjukuu wa jirani. Mama alikuwa ameificha bendera ndani ya blauzi, na bado alimuuliza kila mtoto, "Huyu ni nani yako?" Wakaisha, ila kasichana ka kwenye kitenge.

Familia yake ilikuwa imetoka Bunyakiri muhula ule ule, kwa kukimbia. Aliyekuwa anamfuata kila siku ni dada yake mkubwa. Tangu milio ianze hakuwa amesema neno.

"Tumupeleke kwetu," nikasema. "Tuandike ku mulango na chaki, mutoto iko kwa directrice."

"Na mama yake kama hajue kusoma? Na mwenye bunduki kama anajua?"

"Basi nimubebe miye, nikimbie naye. Weye funga, unifuate."

Akanitazama. "Sasa weye ni nani yake?"

Sokoni huwa nashusha bei mpaka muuzaji anaanza kunihurumia. Kwa mama yangu sijawahi kushusha hata kidogo. Nilikuwa bado natafuta neno nilipoona mkono juu ya ukuta, kisha bunduki, kisha mtu mzima. Akafuata wa pili.

Mama alikuwa amekwisha kuingia darasa la kwanza na mtoto, akalala naye chini ya mabenchi. Nikabaki mlangoni na gunia langu. Walikuwa askari waliokuwa wanakimbia, na askari anayekimbia ni mbaya kuliko anayefika, kwa sababu hana wa kumjibu.

"Nguo ya civil, ya raia, iko?" aliuliza mrefu.

"Haiko, papa. Hapa ni masomo, ni shule." Alikuwa mdogo kuliko mimi, lakini bunduki inamwongezea mtu umri.

"Mu gunia?"

"Ni viatu."

Wakaketi kwenye ngazi, wakavua buti, wakaanza kuchagua. Moyo wangu ulipiga mpaka nilidhani wataniambia niupunguze sauti. Mrefu akajaribu jozi, akaitupa, akajaribu nyingine.

"Namba quarante-trois haiko?"

"Iko quarante-deux, lakini ni ngozi, itapanuka." Naapa ni mdomo uliosema, si mimi.

Akavaa, akatembea hatua chache mbele ya darasa akitazama miguu yake, kama mteja wa Jumamosi. "Inanikamata huku," akasema, akaonyesha kisigino. Nilikaribia kumwambia arudi nayo kesho tuone. Ndani ya darasa benchi likalia kidogo. Akageuza kichwa.

"Panya," nikasema. "Masomo yetu iko na panya mingi."

"Noki!" mwenzake alimharakisha kwa kelele. "Noki, banakuja!"

Wakaruka ukuta kwa viatu vyangu. Waliacha jozi mbili za buti zimesimama sambamba mlangoni, kama za wenye nyumba waliolala ndani. Hizo ndizo zilizonitetemesha kuliko wao wenyewe. Nilizikimbiza chooni nikazitumbukiza moja moja, nikasubiri kila moja ilie chini.

Niliporudi, mama alikuwa bado chini ya benchi. Alisema mguu umekufa ganzi. Nilimvuta, na mwili wake wote ulikuwa unatetemeka, taratibu, bila kukoma. Miezi michache baadaye, hospitalini Katana, tension, yaani presha, ilipommaliza, daktari alituuliza kama kuna kitu kilichomshtua siku za karibuni. Kaka yangu akasema hakuna, mama yetu hakuwa mtu wa kushtuka. Mimi niliangalia dirisha.

Mwanamke akaja alasiri, milio ikiwa imehamia upande wa mjini. Alikuja peku, kitenge kimechanika, amebaki na sauti ya kunong'ona tu. Alimwona kasichana akaanza kulia. Mimi nilifungua geti. Mama yangu akalishika.

Mama hakuwa amewahi kumwona mwanamke huyo. Akainama kwa mtoto. "Huyu ni nani yako?"

Mtoto alimtazama yule mwanamke na hakusema kitu. Uso wake ulikuwa mtupu.

"Sema, mwanangu. Ni nani?"

Mwanamke akapiga magoti nje ya geti, akamwita jina lake, akamwambia ni miye, ni maman. Mtoto hakusogea. Nikamshika mama yangu bega, na hiyo ni mara ya kwanza kumshika hivyo.

"Maman, hauone? Mupe! Batatuua hapa!"

"Naona," akasema. "Nakusikia. Hajasema."

Nilitegemea yule mwanamke atatukana, au atalivuta geti. Alimtazama mama yangu kwa muda, kisha akaketi chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu. "Nitangoja," alisema. Mama yangu akaketi vilevile, upande wa ndani. Nami nikaketi, kwa kuwa kusimama peke yangu kuliniogopesha zaidi. Kule chini kitu kikubwa kililipuka na mabati ya darasa yakajibu. Niliomba kimya kimya, nikiahidi vitu ambavyo sina.

Mtoto alikaa katikati yetu. Baadaye alisogea kidogo kwa makalio, akasogea tena, akapita pale geti lilipoachia nafasi, akalaza kichwa kwenye paja la yule mwanamke. Hakusema nani yake. Alilala.

Mama yangu alitazama kichwa kile kinavyopumua. "Muende," akamwambia mwanamke. "Mupite kwa nyuma, kwa njia ya kanisa."

Mwanamke alipotoweka naye kwenye kona, nilifunga geti mwenyewe maana yeye hakuweza kuingiza ufunguo. Tukaanza kushuka kwa njia ya udongo, mimi mbele, yeye ameshika nguo yangu kiunoni.

"Na kama angekataa?" nikamuuliza. "Kama mutoto angekataa kabisa?"

Nilisikia pumzi yake mgongoni, fupi fupi.

"Sijue," akasema. "Tembea. Usigeuke."