Nilivyojitundika kwa Ndoano ya Nyama

Watu wa Majengo wanaisimulia hii habari vibaya (wengine wanasema nilikuwa uchi, wengine eti nilikuwa nimelewa), kwa hivyo acheni niwaambie mwenyewe, mimi mwenye aibu yangu. Sikuwa uchi na sikuwa nimelewa. Nilikuwa natafuta mkanda wa kijani, basi, tena nikiwa na akili zangu timamu, na hilo ndilo huniuma zaidi nikilifikiria.

Naitwa Kinoti, nina miaka thelathini na sita, na nimekata nyama kwa bucha ya Haji Omari hapa mjini Meru miaka tisa sasa. Taekwondo nilianza juzijuzi tu, kwa sababu ya kitambi. Mwalimu wetu, Mugendi, ni mtu wa Embu, na hupanda huku kutufundisha kila Jumanne. Mikono yangu haina shida, ngumi yangu hata Mwalimu huiheshimu, lakini mguu ukifika kiunoni unagoma. Sasa mtihani wa mkanda hufanyiwa Embu, na pale lazima teke lako lifike usawa wa kichwa cha mtu mzima, na mimi nilikuwa nimeshaanguka mara mbili, mara zote nikiwa nimepangwa mstari mmoja na watoto wa darasa la sita ambao miguu yao huenda popote wanapoituma. Mwalimu aliniambia nipashe mwili joto kwanza, ninyooshe misuli kidogo kidogo kila siku, baada ya miezi itaachia. Mimi nikanyoosha siku nne nikachoka. Na mtihani wa tatu ulikuwa Jumamosi, na hapa ninapoanzia ni Ijumaa asubuhi.

Lakini mkanda haukuwa kitu kikubwa wiki hiyo. Kitu kikubwa kilikuwa funguo. Haji alikuwa anaenda Mombasa kwa binti yake miezi miwili, na alikuwa ametuambia kwamba Jumapili atasema ni nani anamwachia bucha, mimi ama Rashid, mtoto wa dada yake, ambaye tunakata nyama naye. Haji hajawahi kumwachia mtu ambaye si wa damu yake, tena mimi ni Mmeru wa kanisa, lakini alikuwa akinitazama siku hizo kwa namna fulani, na mke wangu alikuwa ameshawaambia dada zake. Nilizitaka zile funguo mpaka nilikuwa naziota usiku.

Sasa kule nyuma ya bucha kuna chumba ambacho Haji anakipenda kuliko sebule yake. Sakafu inaoshwa asubuhi, mchana na jioni, viatu vya nje haviingii, na katikati kuna mashine ya mnyororo ya kuinulia robo ya ng'ombe. Ukivuta mnyororo ndoano inapanda, ukiacha inajishikilia yenyewe palepale, haitetemeki. Na ile ndoano haigusi kitu kingine isipokuwa nyama. Hiyo ni sheria ya Haji, na wateja wake wanaijua, ndiyo maana wanamwamini hata wakiagiza kwa simu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilifungua, nikaosha sakafu, nyama ilikuwa bado haijaletwa kutoka kichinjioni, nikaiangalia ile ndoano ikining'inia bure. Nikajiambia, Kinoti, hii mashine inainua kilo sabini bila kulalamika, mguu wako ni nini? (Ndiyo, niliosha miguu kwanza, kwa sabuni, mpaka magotini. Nilidhani hiyo inatosha kuwa usafi.) Nikavua mkanda wangu wa manjano, nikaufunga kwenye kifundo cha mguu kwa fundo la nguvu, nikaupachika kwa ndoano, nikashika meza kwa mkono mmoja, nikavuta mnyororo kwa mwingine. Mguu ukapanda mpaka kiunoni. Nikavuta tena. Ukafika kifuani, uchungu ukaanza kule nyuma ya paja, na ndani ya uchungu kulikuwa na raha, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuuona mguu wangu ukiwa pale. Nikavuta mara ya tatu, ya nne, ya tano, suruali ya mazoezi ikapasuka mshono wa katikati kutoka mbele mpaka nyuma, na mguu ukawa usawa wa uso wangu kabisa. Nikatabasamu peke yangu kama mjinga.

Kisha nikavuta upande wa kushusha. Haukusonga. Nikavuta kwa nguvu zaidi, nikasikia kitu kikikwaruza kule juu ndani ya gurudumu, kikakaa kimya.

Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho miaka tisa sikuwa nimekifikiria hata siku moja, kwamba sisi hatushushi nyama. Robo ya ng'ombe ikipanda inakatwa ikiwa kulekule juu, kipande baada ya kipande, mpaka inabaki ndoano tupu. Ile mashine labda haikuwa imeshusha mzigo tangu inunuliwe, na upande wa kushusha ulikuwa umeshika kutu ukalala. Nilikuwa nimesimama kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, kwa sakafu niliyotoka kuilowesha mwenyewe, na simu iko ndani ya koti, na koti liko kwa msumari upande ule mwingine wa chumba. Fundo la mkanda lilikuwa limekazwa na uzito wangu. Nikajaribu kulifikia kwa mkono, nikakosa kwa upana wa kiganja, na ningekuwa mtu wa kuvifikia vidole vyangu vya mguu nisingekuwa na sababu ya kujitundika.

Sijui nilikaa pale dakika ngapi. Paja lilianza kutetemeka, kisha goti la mguu niliosimamia nalo likaanza, na nikajua kwamba hilo goti likiachia nitaning'inia kwa paja moja na kitu fulani humo ndani kitakatika. Jasho lilinitiririka na asubuhi ya Meru mnaijua ilivyo baridi. Nilitaka kupiga kelele na niliogopa nani atasikia. Niliomba, kweli niliomba, na nilichoomba ni asije Haji.

Akaja Rashid. Alifungua mlango, akanitazama kutoka juu mpaka chini, na mimi nikasubiri acheke, maana hata yeye alizitaka funguo, na angetaka angefunga mlango polepole akaenda kunywa chai. Hakucheka. Aliruka akaning'inia kwa mnyororo kwa uzito wake wote, mara mbili, mara tatu, wapi. Akaniuliza hushukaje siku zingine, nikamwambia haijawahi kushuka. Akafikiria kidogo.

"Basi tunashusha kwa kisu, kama siku zote," akasema, akachukua kile kirefu cha kukatia mbavu.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa pili, ambao ulizidi wa kwanza. Nikamwambia asikate mkanda. Nilikuwa nauhitaji kesho Embu, Mwalimu hukurudisha nyumbani ukienda bila mkanda. Rashid akaniambia niache upuzi, mimi nikamwambia afungue fundo, yeye akapanda kwa ndoo akaanza kulichokonoa kwa ncha ya kisu, polepole, nami namwambia angalia usiukwaruze, na tukiwa katika hayo tukasikia sauti ya Haji huko mbele. Hakuwa peke yake. Alikuwa na Mama Zuhura, ambaye bintiye alikuwa anaolewa wiki iliyofuata, na dada yake Mama Zuhura, na alikuwa anawaambia kwa fahari yake yote waje waone kwa macho yao nyama ya harusi itakatiwa mahali pa namna gani.

"Kata," nikanong'ona. "Rashid, kata sasa hivi."

Mlango ukafunguka. Walichokiona ni mimi nimetundikwa mguu mmoja kwa ndoano ya nyama, suruali imepasuka, na Rashid juu ya ndoo na kisu kirefu kwa paja langu.

Dada yake Mama Zuhura aligeuza uso ukutani. Haji alitazama ndoano, hakunitazama mimi, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na huzuni, na hiyo huzuni sijaisahau. Akamwambia Rashid akate. Nikaanguka kama gunia, na nyuma ya paja pakalia kitu ambacho nilikisikia kwa masikio.

Mama Zuhura alipeleka oda ya harusi kwa bucha nyingine. Hilo Haji hakunilaumu kwa mdomo. Aliniambia nibadilishe suruali, nichemshe maji nioshe chumba kizima, ndoano aliitoa mwenyewe akaenda kuitupa. Kisha akaniita mbele ya duka.

"Kila atakayeingia leo, umwambie kilichotokea humu kabla hajaagiza," akasema. "Achague mwenyewe."

Basi nikasimama pale nikichechemea mpaka jioni, nikimwambia kila mtu. Mwalimu wa shule, wazee waliotoka msikitini, mama aliyetaka nusu kilo ya matumbo, wote. Wengine walicheka mpaka wakashika kaunta. Wengine waliondoka bila kununua, na kila aliyeondoka nilijua nimemfukuza mteja ambaye Haji alimtafuta miaka mingi. Niliona aibu sana, na kufikia saa kumi nilikuwa nimeshazika habari ya funguo.

Embu sikwenda. Nilimpigia Mwalimu nikamwambia ukweli, akaniuliza kama nilipasha mwili joto kwanza. Siku hizi nanyoosha nikiwa nimekaa chini kwa mkeka, nyumbani, kidogo kidogo kila jioni alivyosema, na mguu unafika kifuani bila msaada wa mtu wala chuma, na ukikataa nauacha. Sitaufunga tena kwa kitu chochote, hata nikiahidiwa mkanda mweusi.

Jumapili Haji alituita mimi na Rashid. Akasema Ijumaa alikuwa amekaa nyuma ya pazia la duka akisikiliza, na siku nzima hakunisikia nikipunguza hata neno moja, hata lile la suruali. Akanipa ufunguo wa duka, mkononi, mbele ya mpwa wake, na macho yangu yakalowa.

Kisha akatoa ufunguo wa chumba cha nyuma, akampa Rashid.

Miezi ile miwili ilipita, Haji alirudi, akaondoka tena, na mpango ni uleule. Kila asubuhi nyama ikiletwa lazima nimwite Rashid aje anifungulie, naye huja na ufunguo wake, anasimama mlangoni, na kabla hajaufungua huniuliza, "Tunainua nyama, ama tunakuinua wewe?"