Kofia Iliyochunga Mbuzi

Bwana asifiwe, aliyeniweka hadi leo: magoti yamegoma kupanda ngazi, lakini kumbukumbu hazijagoma.

Juzi, hapa kwangu Ngoingwa, mjukuu alifungua sanduku langu, harufu ya naftalini ikajaa chumbani. Akatoa kofia ya mahameli ya buluu yenye kishada. "Shosho, hii ilikuwa ya askofu gani?"

Nilicheka. Kofia ile imechunga mbuzi.

Nilipokuwa mdogo, baba alifanya kazi kwenye shamba la kahawa Ruiru. Mashine zilitengenezwa na mzee tuliyemwita Fundi Mskoti, aliyenuka grisi hata Jumapili. Jioni alimpigia baba mashuti ili ajifunze kudaka mpira, kwa kuwa kwao, kati ya vile vita vikuu viwili, alikuwa winga wa kushoto. Alitoka kuchimba makaa ya mawe, akasajiliwa na klabu kubwa, akachezea taifa mara moja. Kwao anayechezea taifa hupewa kofia. Nilimhurumia: kukimbia kote kule, kofia tu, tena haizuii jua. Baadaye wakubwa wa klabu walimwagiza alegeze mguu, timu ya rafiki yao isishuke daraja. Akafunga mabao mawili. Klabu ikamwacha, na taifa halikumwita tena.

Krismasi moja meneja wa shamba alialika wageni, wacheze naye dhidi ya wafanyakazi. Nyapara akaja kwetu kumwambia baba kwamba meneja lazima afunge, na kwamba nyumba tuliyokaa ilikuwa na wengi walioitaka. Mama alimsihi akubali. Ni mpira tu.

Mechi ikiwa sare, meneja akapata penalti. Fundi Mskoti, aliyekuwa refa, aliuweka mpira chini, akamtazama baba golini.

"Mimi iliambiwa hivi hivi," akasema. "Mimi ilifunga."

Baba akatema mate viganjani. Meneja akapiga, baba akaudaka, akatembea nao hadi aliposimama meneja, akampa mkononi. "Shika, bwana. Piga tena ukitaka."

Mwaka mpya ulitukuta Gatuanyaga, kwenye kipande kikavu cha ardhi ya mjomba. Fundi Mskoti alitufuata kwa baiskeli, mavumbi hadi kwenye nyusi, akamwachia baba kofia yake. Baba aliivaa akichunga, kishada kikirukaruka, na watoto wakaniita binti wa mfalme wa mbuzi. Nililia, nikamwomba aivue.

"Nitaivua kanisani," akasema.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alitupotezea nyumba kwa ajili ya mpira. Kisha nikafiwa na mume, na shemeji zangu wakaja wakinitaka nihame. Niliivaa kofia ile, niliyoachiwa na baba, nikaketi mlangoni, nikawaambia sitoki. Walinicheka kwanza. Halafu wakachoka. Mlango huo ndio mjukuu wangu anaoubamiza kila asubuhi akienda shule.

Mungu akubariki wewe unayesoma, na siku watakapokuambia ulegeze, akukaze mikono.