Gauni Lililokwenda na Kurudi

Fundi hakuumbiwa kungoja. Mteja akimwambia "nitapita kesho", atakuta nguo imeshapigwa pasi na kutundikwa tangu jana yake. Sasa mtu wa namna hiyo mkabidhi kwa posta, uone atakavyokonda.

Alikuwa ametuma gauni la harusi la mdogo wake aliyekuwa akisoma ng'ambo. Mama yao alipofariki, mdogo alikuwa na miaka sita, na Fundi ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa cherehani ileile anayoitumia mpaka leo. Harusini asingeweza kwenda, maana viza alinyimwa mara mbili. Gauni ndilo lingesimama pale kwa niaba yake. Alilishona kwa siku kumi na tisa, akalifungasha katika kitambaa kizito na kukishona kingo zote kwa mkono, kwa sababu maboksi hakuyaamini hata kidogo. Harusi ilikuwa bado miezi mitatu.

Siku ya kumi na saba simu yake ilionyesha kuwa kifurushi kimefika nchi aliko bibi harusi. Kwa furaha, Fundi akalishonea gauni la mteja mkono wa kulia upande wa kushoto. Siku mbili baadaye simu ikasema kimeondoka. Kimeondoka kwenda wapi? Wiki nzima kimya, halafu kikaibukia nchi ambako Fundi hakuwa na ndugu wala adui.

"Limetembea kuliko mimi niliyelishona," aliwaambia wateja, lakini kicheko hakikufika tumboni.

Akawa kiguu na njia kati ya kibanda chake na posta, dirisha la tatu, kwa karani mmoja mpole wa kuudhi.

"Bado, dada."

"Bado ya jana au ya leo?"

"Ni ileile."

Akimpigia mdogo wake, ndiyo kwanza anazidi kuchanganyikiwa. "Usijisumbue sana, Dada. Likichelewa nitaazima," alijibiwa, tena kwa sauti nyepesi kama ya mtu anayezungumzia mwavuli. Usingizi wa siku hiyo ulikuwa wa mang'amung'amu.

Wiki ya saba karani mwenyewe akapiga simu. "Dada, njoo. Kifurushi kimefika."

"Kimefika kwa mdogo wangu?"

"Kimefika hapa kwetu."

Alikikuta mezani kimejaa mihuri ya nchi nne. Karani akakigeuza. Anwani ya mdogo wake, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, ilikuwa imefifia kwa kusuguliwa njiani. Chini yake, imeshonwa pande zote nne na haijalegea hata uzi mmoja, ilikuwepo lebo ya kibanda cha Fundi, pamoja na sanduku la posta na jina la mji.

"Hii umeitia wewe?" karani akauliza.

"Kazi yangu haitoki bila lebo."

"Wenzetu huko anwani zinasomwa na mashine, dada. Kila kilipofika, mashine ikaona hii ndiyo inayosomeka, ikakirudisha kwako." Karani alijikaza asicheke, akashindwa. Fundi naye akacheka, ila kicheko chake kilikuwa hasira tupu, na ya kujikasirikia mwenyewe.

Akaketi kwenye benchi palepale, akapiga simu. "Limerudi. Kosa ni langu. Naitoa hiyo lebo, nalituma leo hii, wiki tano zinatosha."

"Dada, usilitume."

"Kwa nini?"

"Halitanienea."

"Umenenepa?"



"Nina miezi minne," mdogo wake akasema. "Kila siku nilikuwa naomba lisifike. Niliogopa utaona nimekuaibisha."

Mimba haikumuuma Fundi. Kilichomuuma ni kwamba mtoto aliyemwogesha kwa mikono yake, akamfundisha kufunga vifungo, alikuwa amemwogopa wiki zote hizi, na yeye huku akiitukana posta.

"Una tepu ya kupimia hapo?"

"Hujakasirika?"

"Nimekasirika sana. Simama wima, na usijibane tumbo."

Mdogo wake alipima huku akilia, akataja namba moja baada ya nyingine, na mara mbili Fundi akamrudisha apime upya. Aliziandika nyuma ya fomu ya forodha. Akaongeza sentimita tano kiunoni kwa ajili ya wiki tano za mtoto. Halafu akainua macho, akaitazama foleni ya dirisha la tatu, ambayo tangu aingie ilikuwa imesogea mtu mmoja, akaongeza tatu nyingine kwa ajili ya posta.