Kuua Jino Bila Kuling'oa

Kilichoninyima usingizi ni neno moja la daktari: kuua.

"Hii jino tutaiua, kisha itabakia mu kinywa," alisema. Kwenye picha ya eksirei alinionyesha gego langu la chini na kivuli cheusi kuzunguka mizizi yake. Usaha ulikuwa umeanza kula mfupa. Angesafisha jino ndani mpaka kwenye ncha za mizizi, alijaze, alifunike, na mfupa ungeweza kurudi polepole. Nikichelewa, mfupa ungezidi kuliwa mpaka gego likose pa kushika.

Chuo kikuu kilinifundisha kuogopa kwa mpangilio. Nilichukua karatasi, nikachora safu mbili: kuua, kung'oa. Nani anaishi na kitu kilichokufa kinywani? Wiki mbili zikapita nikitafuna upande mmoja.

Mama ndiye aliyenitwangia karanga siku zile. Kila alasiri, sisi wawili hukaa mlangoni na kula muhogo wa kuchoma kwa karanga. Za kwake amezitwanga tangu nikiwa mdogo. Nilidhani ndivyo anavyozipenda. Alasiri moja nilimsomea karatasi yangu yote. Akacheka mpaka akaweka mchi chini.

"Papa," alisema, maana ndivyo anavyomwita mwanawe, "unaogopa baiue? Ile jino ilikufaka kitambo. Uko unalala na maiti."

"Sasa haiko muzuri baing'oe, mama?"

"Kisha kilio, bantu banabomolaka nyumba? Banafagia, banafunga mulango muzuri, basi."

Halafu akafungua kinywa mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kule nyuma, pande zote mbili, hapakuwa na gego hata moja. Ufizi ulikuwa umebonyea, laini kama wa mtoto mchanga.

"Mie nilibomola," alisema. "Angalia kiwanja."

Nilimmiminia karanga zangu kwenye sahani yake. Akazirudisha nusu.

Asubuhi iliyofuata niliiacha karatasi mezani, nikaenda peke yangu. Nilipokwisha kulala kwenye kiti, daktari aliuliza, "Basi, tunaiua?"

"Tufagie, dokta."

Alinitazama bila kuelewa. Nikafungua kinywa.