Tuliacha Wodi Tukaenda Halaiki

Mpaka leo nikisikia filimbi napandwa na hasira, hata iwe ya trafiki tu anayevusha watoto wa shule. Namkumbuka mwalimu wetu wa michezo, na nakumbuka mgongo wa mwenzangu.

Chuo chetu cha uuguzi kilikuwa mtaa wa Gerezani, ghorofa ya tatu na ya nne, juu ya maduka ya spea. Chini wanagonga vyuma, juu sisi tunafundishwa kusikiliza mapigo ya moyo. Hilo halikuniudhi, mimi ni mtoto wa Ilala, nimezaliwa kwenye kelele. Kilichoniudhi ni somo la michezo. Sikatai mazoezi, jamani! Nesi anasimama kutwa, anahitaji miguu na pumzi. Na lau wangetufundisha namna ya kuinama, namna ya kumnyanyua mtu mzito bila kujivunja, ningewabusu mikono. Lakini wapi! Somo zima lilikuwa halaiki. Tunajipanga kwenye uwanja wa shule ya msingi ya jirani, tunarusha vitambaa, tunaruka, tunatengeneza umbo la moyo, ili siku ya mahafali mgeni rasmi afurahi. Na bila sahihi ya mwalimu wa michezo, mtihani wa mwisho huingii. Yaani unaweza kutundika dripu ukiwa umefumba macho, lakini usiporusha kitambaa, umekwisha.

Mwenzangu huyo alikuwa binti wa Kichaga. Mama yake ana duka la vitenge Kariakoo, na yeye alikaa humo dukani miaka miwili akipima vitambaa kabla mama hajakubali aende kusoma. Alikuwa mpole kupita kiasi. Mwenye mdomo ni mimi, ndiyo maana darasa likanichagua kuwa kiongozi.

Muhula wa mwisho tulikuwa kwenye mafunzo ya vitendo hospitalini, wodi ya wanaume. Mimi na yeye tulipewa mzee mmoja aliyepooza upande, mtu aliyebeba mizigo bandarini maisha yake yote, mwili mkubwa, akisogea kidogo kitanda kinalia. Alitakiwa kugeuzwa kila baada ya muda ili asipate vidonda vya kulalia upande mmoja, na kumgeuza ilikuwa kazi ya watu wawili. Mchana mmoja mwalimu wa michezo akatuma ujumbe kwenye grupu la darasa: halaiki saa nane kamili, asiyekuja ajihesabu hana mtihani, na kiongozi ahakikishe wote wamefika.

Nikawakusanya. Hapo sina wa kumsingizia. Mwenzangu akaniambia, "Muda wa kumgeuza mzee umefika." Nikamjibu kwamba manesi wa wodi watamgeuza. Manesi wenyewe walikuwa wawili kwa wodi nzima, na mmoja alikuwa ametoka kufuata dawa. Nilijua hivyo, na bado nikaondoka na darasa tukaenda kurusha vitambaa. Yeye akabaki, akamgeuza mzee peke yake.

Alinisimulia baadaye kwamba alihisi kitu kimekatika chini ya mgongo, katikati ya kumgeuza. Hakumwachia. Angemwachia, mzee angeanguka. Alimshikilia hivyo hivyo mpaka akamlaza vizuri, akamwekea mto mgongoni, ndipo akakaa sakafuni akalia.

Baada ya siku tatu, akiogopa kukatwa jina, akaja uwanjani amepinda. Mwalimu akapuliza filimbi. "Ruka!" Akajaribu, akashindwa. Basi yule bwana akacheka mbele yetu wote.

"Huyu anategea," akasema. "Mtoto wa dukani, kazoea kukaa."

Akachukua kalamu nyekundu akamkata jina kwenye daftari lake. Na asubuhi ile ile, wallahi, tulikuwa tumefundishwa pingili za uti wa mgongo, moja baada ya nyingine, na namna ya kumsikiliza mgonjwa anapokuonyesha panapouma. Chuo kizima kazi yake ni kufundisha watu waamini maumivu ya wenzao, chenyewe hakiamini! Looh! Nilimwita yule mwalimu jina ambalo sitaliandika hapa, ila nililitamka kimoyomoyo, na hilo nalo linaniudhi.

Nikapanda ngazi mpaka kwa mkuu wa chuo, mama wa makamo tuliyemwita Madam. Sikungoja kukaribishwa kiti.

"Shikamoo, Madam. Mwenzangu ameumia wodini. Kamgeuza mgonjwa peke yake kwa sababu sisi tuliitwa halaiki. Na sasa amekatwa jina, hana mtihani."

"Marahaba. Hospitali wanajua?"

Hakuuliza anaendeleaje. Hakuuliza kama amepata hata dawa ya maumivu. Hospitali wanajua! Nikasema bado. Akashusha pumzi, akavuta karatasi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, akanisogezea. Iliandikwa kwamba mwanafunzi huyu aliumia mgongo nyumbani kwao akinyanyua ndoo ya maji, kwa hiyo anasamehewa michezo kwa sababu za kiafya na aruhusiwe kufanya mtihani. Chini kulikuwa na nafasi mbili za sahihi, moja ya mwanafunzi na moja ya shahidi, yaani mimi.

"Ndoo gani, Madam?"

"Saini, mwenzako aingie mtihani. Hospitali wakisikia tunatoa wanafunzi wodini kwa ajili ya michezo, watatufukuza wote. Hapo utakuwa umemsaidia nani?"

Nikatoka na ile karatasi. Mwenzangu alikuwa koridoni, ameegemea ukuta kwa sababu kukaa kulimuuma. Nikamsomea yote. Nikamwambia sisaini ng'o, nitakwenda hospitali, nitakwenda wizarani, nitasema mpaka kila mtu ajue.

"Utasema," akajibu. "Halafu?"

"Halafu watu wajue!"

"Na mimi?" akauliza. "Shoga, mtihani ni wiki ijayo. Mimi sirudi dukani kupima vitenge. Saini."

"Lakini ni uongo huu!"

"Najua ni uongo. Kwani nani aliyeumia hapa, wewe au mimi? Saini."

Akaninyang'anya kalamu, akaibandika karatasi ukutani, akasaini yeye kwanza. Kisha akanipa. Nilikuwa na hasira za kutosha kubomoa lile ghorofa, na zote hazikumfaa kitu. Alichohitaji kutoka kwangu ni uongo tu. Nikauandikia jina langu.

Mtihani aliufanya amesimama, karatasi juu ya kabati la vifaa, saa tatu nzima bila kukaa. Akafaulu, tena akanipita mimi.

Siku ya mahafali halaiki ilifana. Umbo la moyo lilitoka sawasawa na mgeni rasmi alifurahi mno. Baadaye, ukumbini, Madam akashika maikrofoni akasoma mafanikio ya chuo, akafika mahali akasema kwamba hapa hajapata kuumia mwanafunzi hata mmoja akiwa kazini, na kumbukumbu zipo. Kumbukumbu zipo, anasema! Ukumbi ukalipuka vigelegele. Nikageuka kumtafuta mwenzangu. Alikuwa nyuma kabisa, amesimama peke yake kati ya watu waliokaa, joho limemkaa vizuri, na mama yake amenyanyuka kumkumbatia kiunoni, akidhani mwanawe kasimama kwa furaha. Mwenzangu alikuwa amekunja uso kwa maumivu, na anapiga makofi. Akaniona namtazama. Akanikonyeza nipige na mimi.

Nikapiga.