Mtoto Aliyenyamaza kwa Joto

Mama mkwe alishuka kutoka Ronge, kwao milimani, na blanketi mbili, sweta na kofia ya sufu, vyote vya mwanangu mchanga. Ilikuwa Februari, miaka ile ya hamsini, na tuliishi Voi kwenye landhi, vile vyumba vya wafanyakazi wa reli, chini ya paa la mabati. Hata kuku walikuwa wakihema kivulini. Yeye alikaa amejitanda shuka zito bila tone la jasho, akilalamika baridi.

Huko mtoto hapigwi na upepo mpaka kitovu kianguke. Basi akamviringisha wangu, akaziba dirisha kwa gunia. Nilichukia, lakini mzazi mpya ana mdomo gani mbele ya mkwe? Kila nikimfunua, alimfunika tena. "Wewe ungali na damu ya moto, mwanangu. Mimi mtu mzima natetemeka, sembuse huyu?"

Mtoto alilia asubuhi nzima. Adhuhuri akanyamaza.

"Umeona? Amepata joto, amelala."

Sikuupenda ukimya ule. Nilimfunua uso nikaukuta mwekundu, mkavu, unachoma. Nilimpa titi, hakulishika. Nikawa namwita kwa sauti.

Jirani yetu, mke wa fundi wa reli aliyetoka upande wa magharibi, alinisikia. Aliingia bila hodi, akamvua mtoto kila kitu, akamlaza kwenye kanga sakafuni na kumpangusa kwa kitambaa chenye maji.

"Huyu hata jasho bado hajajua kulitoa vizuri, na hawezi kujifunua," alisema. "Mnamchemsha, mama."

Mama mkwe alimwita mchawi kwa Kidawida, lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili ili asikie vizuri.

Tulingoja. Nilitazama tumbo lile dogo likipanda na kushuka mbiombio, nikiomba lisikome. Jua lilikuwa limepinda mtoto alipojinyoosha kidogo, akalia, akashika titi.

Nikamgeukia mama mkwe nimtapikie yote niliyoyameza. Alikuwa ameketi chini, blanketi la mtoto mapajani, analikunja na kulikunjua.

"Kifungua mimba wangu nilimzaa kule Mahoo, tambarare," alisema, "baba yenu alipokuwa kibarua kwenye shamba la mkonge. Joto kama hili. Nilimfunika vizuri." Alilikunja tena lile blanketi. "Naye alilia, kisha akatulia. Nikamshukuru Mungu kwamba amelala."