Mapangaboi ya Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba Arusha, Mlima Meru hauonekani kwa mawingu, watu wanatembea wamejifunika hadi puani, na msikitini kwetu mapangaboi yanazunguka. Yote. Wazee wanasali na makoti yao, na wakishatoa salamu unawasikia wakikohoa kuanzia safu ya kwanza hadi ya mwisho. Nimezaliwa mtaa huu na sijapata kuona ujinga uliopewa heshima kama huo.

Asili yake ni hii. Wengi wetu wazazi wetu walitoka Tanga na Pangani, na huko, kwa joto la pwani, pangaboi ni neema. Mtu akifiwa na mzazi hutoa kitu msikitini kiwe sadaka ya kudumu, thawabu zimfikie marehemu maadamu kitu kile kinatumika. Zamani watu walitoa mikeka na mitungi, maana madukani hamkuwa na kitu. Hata globu ilipatikana kwa kujuana. Ilipokuja ruksa ya kuingiza mali kutoka nje, maduka yakajaa bidhaa za Dubai, na kila mfiwa akaja na pangaboi lake. Fundi akishalifunga, aliandika jina la marehemu kwa rangi chini ya swichi. Sasa nani atathubutu kuzima swichi yenye jina la mama wa mtu? Ukizima, unaambiwa umemkatia thawabu. Basi yalizunguka tangu alfajiri hadi isha, kiangazi na kipupwe, na taa nazo zikawaka mchana kweupe.

Bili ya umeme ikawa inameza sadaka ya Ijumaa yote. Huku nyuma, kwenye chumba cha wanawake, paa lilikuwa limeoza. Masika yaliingia ndani mpaka zulia likaota ukungu, kisha kamati ikafunga mlango kwa kufuli na kutuambia tusali nyumbani mpaka hali iwe nzuri. Wifi yangu Siwema aliuliza, "Hali gani?"

Siwema alikuwa mke wa kaka yangu, marehemu Athumani. Mfupi, mpika vitumbua, na mbishi kuliko mbuzi anayevutwa. Wanasema mawifi hawapendani, na kweli mimi na yeye tuligombana mara nyingi, lakini tangu afiwe nilimwona alivyokishika chumba kile. Alikaa humo na wajane wenzake baina ya magharibi na isha, wakasoma, wakacheka, wakaulizana hali. "Nyumbani nasali na kuta, wifi," aliniambia. Alitaka mlango ufunguliwe kabla ya Ramadhani, asali tarawehe na wenzake. Hakutaka kingine.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, Mzee Abdulrahman, dukani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Siwema. Bado chumba?"

"Bado chumba. Mzee, tukizima mapangaboi miezi ya baridi, bili itashuka. Tutapata cha kuezekea."

Mzee aliitazama kofia yake kama iliyomkosea. "Nizime la nani? La mama yangu? Umeme unakula, najua. Lakini mimi siwezi kwenda kumwambia mtu namzimia baba yake."

Imamu tulimkuta akitia udhu. Alisema kitu cha wakfu, wenyewe wakiridhia, chaweza kubadilishwa kwa chenye manufaa zaidi na thawabu isipotee. Nikafurahi. Kisha akaongeza, "Lakini kawaulizeni wenyewe. Mimi sitaki fitina." Furaha yangu ikaishia hapo hapo.

Tukaanza kuzunguka. Watoto wa wale marehemu walikuwa wametawanyika, huyu Themi, yule Moshono, mwingine Olasiti huko. Siwema alikuwa na neno moja kwa wote: shusheni pangaboi, tuliuze, tununue bati, na jina la mzazi wenu tuliandike kwenye bati.

Moshono, Maulida alitupokea kwa chai ya maziwa, na tuliposema shida yetu akalia. "Jina la baba liko pale kila mtu analisoma. Mkiliweka darini nani ataliona?"

"Wanawake watakaosali chini yake," alisema Siwema.

"Nasema watu, dada Siwema."

Nilisimama nikataka kuondoka bila kumaliza chai. Siwema akanivuta gauni nikae. Njiani nilimwambia asiniburuze tena kwenye nyumba za watu kutafuta matusi. Alicheka, lakini nilijua amechoka.

Waswahili husema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Siku iliyofuata Siwema alimwita fundi, akashusha pangaboi alilomtolea Athumani. Watu walikusanyika mlangoni wakitazama kama anavunja kaburi. Hata mimi roho iliniuma. Yule alikuwa kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Lakini nikashika ngazi. Tuliliuza kwa mfanyabiashara anayepeleka mali Mombo, mahali penye joto la kweli, na Siwema akarudi na mabati. La kwanza aliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: Marehemu Athumani.

Maneno yakaenea mtaani kwamba mjane amemnyang'anya mumewe thawabu. Mwanamke mmoja aliacha kununua vitumbua vyake. Hata hivyo wengine wakaanza kuja, kwanza kwa aibu, kisha wawili wawili. Hata Maulida alikuja, macho chini, na bati la baba yake likaandikwa. Yaliyobaki juu yakaruhusiwa kuzimwa wakati wa baridi. Bili ilipokuja, mweka hazina aliisoma mara mbili akidhani ni ya jirani. Ile ziada ingemlipa fundi na kununua mbao. Mabati yalikuwa yamepangwa ukutani nyuma ya msikiti, kila moja na jina lake, na Siwema alikwenda kuyatazama kila asubuhi.

Halafu ukaja mgao wa umeme. Mfanyabiashara mmoja, aliyekuwa amefiwa na baba, akatoa jenereta. Ilipokelewa kwa dua na takbiri. Na jenereta, bila shaka, haiwezi kunyeshewa.

Tulikuwa kilioni Olasiti siku kamati ilipofanya kazi yake. Tuliporudi tukakuta banda jipya limesimama uani, mabati yetu, mbao na fundi kwa ziada yetu, na iliyobaki imenunua dizeli. Ukiingia ukatazama juu, unasoma majina ya wazazi wa watu, na chini yao mtambo unanguruma, na msikitini mapangaboi yanazunguka kama zamani. Nilitukana. Sitaficha, nilitukana uani pa msikiti.

"Ni kwa muda tu, Salha," alisema Mzee Abdulrahman. "Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Siwema alisimama akisoma majina yale juu, moja baada ya jingine, na hilo lilinitisha. Ramadhani ilikuwa imekaribia.

Ijumaa ya mwisho ya Shaabani mvua ilinyesha tangu asubuhi na umeme ulikuwa umekatwa. Siwema alitukusanya nyumbani kwake, wajane na wasio wajane, kila mtu na mkeka. Tukaingia uani kwa mlango wa nyuma kabla ya adhana, tukatandika ndani ya banda kuizunguka jenereta, tukaanza kusali sunna. Luqman, mwadhini wetu, alikuja na dumu la dizeli akatukuta tumesujudu. Alisimama nje, mvua inamtiririka, hajui aingie au arudi. Mwishowe alirudi akaadhini kwa sauti yake tu, bila kipaza sauti.

Mzee Abdulrahman akaja na mwavuli. "Siwema, tokeni tuwashe."

"Tumo chini ya sadaka yetu, mzee. Nyinyi mko chini ya yenu."

Hawakuwasha. Imamu alihutubu kwa koo lake, na kwa kuwa hapakuwa na mngurumo wa mapangaboi wala wa mtambo, tulisikia kila neno. Hatukulowa hata mmoja. Nililia katika sala ile, kwa hasira na kwa kitu kingine nisichokijua.

Kamati ilikaa jioni yake. Mimi, mjinga, nilidhani wameona haya. Walikuja na uamuzi: jenereta itahamishiwa kwenye kile chumba chetu cha zamani, itafunikwa turubai, na banda hili litazungushiwa mbao liwe mahali pa wanawake. Kwa kudumu. Mzee alitangaza kwa uso mkunjufu, kwamba dada zetu wamepata walichokitaka, na tena kwa gharama ndogo sana.

Ramadhani ile tulisali tarawehe bandani. Hapana dari, upepo wa mlimani unapita baina ya mbao, na sakafu inanuka dizeli mpaka leo. Siwema alikuwa wa kwanza kufika kila jioni na wa mwisho kutoka. Wanaume walingoja awashukuru. Mzee Abdulrahman alimkumbusha mara moja, kwa upole, mlangoni. Siwema alimwamkia kwa heshima zote, akapita.